Kabla hujanunua kifaa cha kuchorea sura, jaribu skrubu

Malalamiko ninayoletewa na wanaojifunza kuchora sura yanafanana mno. Mtu kanunua bikari ya uwiano, kapima kila kitu kwa uangalifu, na bado kidevu kimerefuka, mdomo umepanda, na mama wa anayechorwa hamtambui mwanawe. Kisha anajilaumu kwamba hana kipaji. Mimi nasema kipaji kiachwe kwanza, tuitazame skrubu.

Kwa asiyeijua, bikari hii ni miguu miwili iliyopishana mfano wa herufi X, na skrubu katikati. Ukiipanga kwenye uwiano wa mbili, ncha fupi zikishika sentimita 5 kwenye picha, ncha ndefu zinakupa 10 kwenye karatasi. Skrubu ikiteleza kidogo tu na uwiano ukashuka hadi 1.9, unapata 9.5. Nusu sentimita! Ukichora mti hakuna atakayegundua. Kwenye uso, nusu sentimita chini ya pua ni mtu mwingine kabisa. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba bikari hainong'oni hata neno. Macho uliyapima ikiwa imekaza, mdomo ukaupima ikiwa imeshateleza, na vyote viwili unaviamini sawa.

Wauzaji watakueleza urefu, rangi na kiboksi chake kizuri. Kuhusu skrubu, kimya. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata swali moja tu: kifaa kikisogea, utajua?

Namba moja kwangu ni NeoLucida, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kamera lusida, chombo ambacho William Hyde Wollaston alikipatia hataza Uingereza mwaka 1806. Mwaka 2013 Pablo Garcia na Golan Levin waliirudisha kwa kuchangisha fedha mtandaoni, ili mwanafunzi wa kawaida aweze kuimiliki. Unachungulia kwenye kipande kidogo cha kioo, unaona uso wa mtu na karatasi yako kwa pamoja, kana kwamba uso umelala juu ya karatasi. Nayo husogea, tena sana: ukitikisa kichwa tu, sura inahama. Lakini inahama mbele ya macho yako! Mistari uliyokwisha kuchora haikai tena juu ya uso, kwa hiyo unasimama na kurekebisha. Weka nukta mbili, utosini na kwenye ncha ya kidevu, uwe unazirudia kila unapochungulia.

Usiitumie kufuatisha sura yote. Weka nukta hizo mbili, sogeza kifaa pembeni, chora kwa macho yako mwenyewe, kisha rudisha kifaa uone ulipokosea. Wengi watakuta wameyaweka macho juu mno, wakati macho hukaa karibu na nusu ya urefu wa kichwa. Kifaa hakikupi ustadi wa mkono. William Henry Fox Talbot alikuwa na kamera lusida kwenye Ziwa Como, Italia, mwaka 1833, na michoro ikamshinda. Ndipo alipoanza kuwaza namna ya kuifanya picha ijichore yenyewe kwa mwanga, akaishia kuwa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha.

Namba mbili ni bikari ya uwiano, lakini ya chuma, yenye skrubu pana inayoshikika kwa vidole na mistari ya namba iliyochongwa. Chora mstari wa sentimita 5, panga uwiano wa mbili, pima. Fungua na kufunga miguu mara nyingi, kama mtu aliye kazini. Pima mstari uleule tena. Ikikupa jibu jipya, irudishe hiyohiyo siku.

Na hapa lazima niseme. Kuna bikari za miguu mitatu zinazouzwa kwa wachora sura kwa ahadi ya "uwiano wa dhahabu", namba inayodaiwa kuwa ndiyo kipimo cha uzuri, yaani 1.618 na hakuna zaidi. Uwiano wake haubadiliki, kwa hiyo huwezi kukuza picha mara mbili wala mara tatu. Nyuso za watu hazikuumbwa kwa namba moja, na anayemuuzia mwanafunzi imani hiyo anamfundisha kuchora namba badala ya mtu aliye mbele yake.

Gridi ya plastiki angavu, yaani plastiki yenye miraba unayoilaza juu ya picha, ni rahisi na inafanya kazi. Ibane kwa klipu ili isiteleze juu ya picha, basi.

Ubao wa taa, unaomulika picha na karatasi kutoka chini, unakupa saizi ileile ya picha tu, na karatasi nzito haipitishi mwanga vizuri. Projekta naiweka mwisho kabisa: isipoielekea karatasi moja kwa moja, uso unapanuka upande mmoja, na gizani huoni mpaka uwashe taa.

Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji video fupi ya mkono ukikaza skrubu na kupima mara mbili, na orodha ya uwiano unaopatikana. Akikujibu kwa kukutumia tena picha ya sura iliyochorwa na fundi, hamia kwa muuzaji mwingine.