Dawa ya mwani ya 1,800 dhidi ya chupa ya kemisti ya 120, nimejaribu zote mbili Kisumu

Wenye mna tangi la samaki lenye mimea mnaujua ule mwani mweusi wa kama ndevu za beberu, unashika ukingo wa jani na hautoki hata ukwaruze na kucha. Niko Migosi, tangi langu ni la lita 60, na miezi minne hivi anubia zangu, mimea ya majani magumu, zilikuwa zimevaa hizo ndevu hadi jirani akaniuliza kama majani nimeyachoma ama ndo vile yanakaa.

Nikaenda duka moja la samaki hapa mjini, sitalitaja, nikauziwa vitu viwili. Cha kwanza ni pleko, samaki wa kula mwani, ati "boss, huyu wiki moja atakuwa amemaliza mwani wote." Wapi! Ule mweusi hata hagusi, anangoja chakula cha guppy, wale samaki wangu wadogo, tu na kuchafua maji, alafu nakuja kujua baadaye ni ile aina inaweza kufika sentimita 40 na tangi langu lote ni lita 60.

Cha pili ni chupa ya karboni ya maji, mililita 250, nikatoa 1,800. Lebo inasema ni chakula cha mimea. Kumbe ndani ni glutaraldehaidi, ile kitu hospitali wanatakasia vifaa, na harufu yake ukifungua mfuniko unaisikia hadi kooni. Nisiwe mbaya, inafanya kazi, nilikuwa naweka mililita 2 kila asubuhi na wiki ya pili ndevu zikaanza kufifia. Shida ni vali zangu. Ni mimea, zile zinaota ndefu kama nyasi, nilikuwa nimezitunza mwaka mzima, siku tano tu zikalegea na kuyeyuka kama sukuma iliyosahaulika kwa sufuria. Vali haziwezani na hiyo dawa, kila mtu anajua isipokuwa lebo na yule jamaa wa duka, ambaye nilipomrudia aliniambia eti maji yangu ndo mabaya.

Sasa hapo ndo nikaingia kemisti nikachukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, 120 bob. (Msichukue ile ya saluni, hiyo ni kali zaidi na imechanganywa na vitu vingine.) Nikazima filta maji yatulie, nikavuta kwa bomba la sindano bila ile sindano yenyewe, nikawa naachilia polepole juu ya kila kichaka cha ndevu, jumla mililita 20 na sikupita hapo. Weh! Vipovu vilianza kupanda kwa majani kama umefungua soda, guppy wakakimbilia kona moja wakasimama wakiangalia tu. Dakika kumi nikawasha filta, kesho yake nikabadilisha nusu ya maji. Siku ya tatu ndevu zikawa za waridi, waridi kabisa kama ubani wa mtoto, na hiyo rangi ndo inakuonyesha mwani umekufa. Samaki wangu wengine, moli, wakaanza kuudonoa wenyewe. Samaki hakufa hata mmoja, vali zilizobaki zikabaki. Ila ukishafungua chupa usiikalie sana, nguvu inaisha, na iache kwa chupa yake nyeusi ju mwanga unaiharibu.

Lakini hata hiyo ya kemisti isingenisaidia kama singeangalia taa. Nilikuwa nawasha saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na dirisha langu linaangalia upande wa ziwa kwa hivyo jua la saa kumi linapiga kioo moja kwa moja, unajua jua la Kisumu. Saa hii nina pazia na taima, masaa sita basi. Kuna msee aliniambia nichukue magugu ya ziwani niweke kwa tangi yanyonye mbolea kwa maji, bure kabisa, nikamwambia kichocho sitaki, konokono wa huko tunawajua.

Kemisti napea nyota nne, moja nimetoa ju ukizidisha kipimo utaua samaki na hakuna kipimo cha tangi popote kwa chupa. Ile ya 1,800 nyota mbili, kama huna vali sema tatu. Pleko bado niko naye, ananenepa tu, kama kuna mtu ako na kidimbwi cha samaki upande wa Mamboleo aje amchukue bure.