Hilux LN106 ya mwaka 1994: matairi kwanza, snorkeli baadaye

Haya wakuu, karibuni tena. Tuko gereji hapa Nyakato, Mwanza, kelele za mashine ya kukatia vyuma mtanivumilia. Gari la leo ni Hilux LN106 ya mwaka 1994, kebini mbili, injini 3L ya dizeli, lita 2.8, haina tabo (turbo). Wengi mmeuliza limefungwa nini mpaka linatoka kwenye mbuga za Kwimba, zile tambarare za udongo mweusi, wakati wa masika. Nitawaonyesha, na vingine nitawaambia wazi msinunue.

Shusha kamera huku chini. Unaliona hilo nundu? Hiyo ni difu ya mbele, nyumba ya gia katikati ya ekseli. Hilux hii mbele ina ekseli nzima na springi za pleti, kama nyuma. Sasa mtu anafunga springi za kupandisha milimita 50, gari linasimama juu, anaenda kupiga picha Capri Point. Difu yake haijapanda hata kidogo! Springi inainua chesisi na bodi. Difu inainuliwa na tairi peke yake.

Kwa hiyo tuanze na tairi. Zilizokuwepo ni 205R16, sasa ni 265/75R16. Kipenyo kimeongezeka kama milimita 62, na chini ya difu unapata nusu yake, 31. Utasema ni kidogo. Kapite njia ya mikokoteni ya ng'ombe huko ndani ya Magu, penye tuta katikati, halafu uniambie.

Meno nayo. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaza meno madogo, tairi inabaki laini mzunguko mzima, hapo hata foo-wili haikusaidii. Haya makubwa yaliyoachana yanautupa nje tairi ikizunguka. Ubaya wake, kwenye lami yanapiga kelele, na kwenye mchanga yanachimba. Ukiteremka mwaloni Kayenze, kule ufukweni, kupakia dagaa, usikanyage mafuta kama umekasirika. Punguza upepo kutoka psi 32 mpaka 18 hivi, tairi itanuke, ondoka polepole na gia ya pili. Ndiyo maana pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye betri naiona muhimu kuliko taa zile za juu ya paa. Ukirudi lami unajaza hapo hapo, maana kukimbia na tairi lenye upepo wa 18 ni kutafuta kupinduka.

Jingine: spidomita sasa inadanganya. Ikisoma 50, wewe uko 54. Trafiki wenye tochi hawataki kusikia habari za saizi ya tairi.

Springi za 50 nimezifunga, ndiyo, lakini kazi yake ni kuzipa tairi nafasi zisisugue mdigadi gari likilala upande mmoja. Pamoja na shokapu zinazolingana nazo urefu. Kuna wanaookota pleti za lori na kuziongeza tu. Gari litapanda, na mgongo wako utajua. Zaidi ya 50 sishauri.

Halafu hapa nyuma, tafadhali, watu wengi wanapapita. Hii valvu yenye mkono ulioungwa na ekseli inapima mzigo. Gari likizama kwa mzigo, inaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Ukilipandisha, valvu inadhani bodi ni tupu siku zote, inabana breki ya nyuma hata umebeba magunia. Mwambie fundi auinue mkono huo kwa kipande cha chuma sawa na ulivyopandisha springi. Kazi fupi, na bila hiyo mimi siendeshi.

Snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu. Inapendeza, sikatai, na maji yakiingia kwenye silinda za dizeli koneki (mkono wa pistoni) inapinda, kwa sababu maji hayabaneki. Lakini difu zako zinapumulia wapi? Difu ya moto ikizama kwenye maji ya mto inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Wiki moja baadaye unafungua nati, oili inatoka rangi ya chai ya maziwa. Mpira mwembamba kutoka kila difu na giaboksi mpaka juu karibu na betri, basi. Mwenye snorkeli bila mipira hiyo amefunga pambo.

Winchi sijafunga. Katikati ya mbuga hakuna mti wa kufungia waya, na uzito wake wote unakaa mbele, ndiko gari linakoanza kuzama. Nyuma ya siti kuna sepetu, mbao mbili nene na kamba ya kuvutia. Ukifika lami toa foo-wili, hili halina difu ya katikati, kwenye kona mbele na nyuma vinakazana.

Maswali wekeni kwenye maoni, mkitaja na injini: ya 2L (ndogo kuliko hii 3L) na ya 5L (kubwa zaidi) sitawajibu sawasawa, maana tairi hizi kwa 2L mlima wa Bugando utausikia.