Glosi ya nywele: nimepaka saluni Kirumba, nimepaka na nyumbani

Nywele zangu zina dawa, na juu ya dawa zina rangi ya chokoleti. Kwa jua la Mwanza na vumbi la kiangazi, rangi hiyo haidumu. Inageuka wekundu wa kutu, nywele zinapauka, na ukizidisha mafuta unaambulia kichwa kinachonata. Ndiyo maana nikajaribu glosi, rangi ya muda inayopakwa kurudishia nywele rangi na mng'ao.

Saluni niliyokwenda iko Kirumba. Kabla ya lolote msusi aliniuliza, "Dada, mara ya mwisho umeretachi lini?" Alitaka zipite kama wiki mbili tangu dawa, na hapo nikamwamini. Aliosha, akafuta kwa taulo, akachanganya glosi iitwayo Shades EQ ya Redken na maji yake ya kuchanganyia kwa kipimo sawa, akanipaka, akaniacha dakika 20, akasuuza. Akamalizia na draya na pasi.

Glosi hii haina amonia na ina utindikali. Unywele una magamba madogo yaliyolaliana kama ya sato. Dawa ya kulainisha na rangi za kudumu huyanyanyua, ukavu unaanzia hapo. Utindikali huyalaza, na mwanga ukipiga unarudi badala ya kutawanyika. Rangi aliyochagua ilikuwa na ubaridi kidogo, ikaua ule wekundu. Nilipotoka nje nilijitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa, sisemi uongo.

Nililipa shilingi 45,000. Si hela ndogo, ila ilinifikisha mwezi na ushee, na kawaida yake ni wiki 4 hadi 6. Inafifia polepole, kwa hiyo hakuna ule mstari wa aibu kwenye mizizi. Wenye mvi msidanganyike: inazififisha tu, haizifichi. Anayetaka zipotee kabisa arudi kwenye kanta. Wala haipunguzi weusi wa nywele, na ncha zilizopasuka zitabaki zimepasuka mpaka mkasi upite.

Ya nyumbani nilinunua duka la vipodozi mjini. Hii kimsingi ni kondishona iliyotiwa rangi. Unaosha, unapaka, unasubiri muda ulioandikwa kwenye boksi, unasuuza. Ulaini upo, mng'ao upo, lakini baada ya kuosha mara chache umeondoka. Mimi naitumia katikati, saluni ikiwa bado mbali, na kwa kazi hiyo inatosha. Vaa glavu, pakaa Vaseline kuzunguka paji la uso na masikio, jifunge khanga ya zamani. Shampuu kali ya povu jingi inaifuta haraka, iwe ya saluni au ya nyumbani.

Mdogo wangu ana kipilipili chake cha asili, hajawahi kugusa dawa. Alipaka glosi isiyo na rangi akitarajia kung'aa kama mimi. Nywele zililainika na kuchanika vizuri, basi. Msokoto wenyewe unatawanya mwanga, kwa hiyo mng'ao ulionekana pale tu alipozinyoosha kwa blodrai. Kwa nywele kama zake nisingetoa 45,000. Angepata zaidi kwa stimingi nzuri.

Na yenye rangi, hata iwe ya nani, ijaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri saa 48. Msusi akikwambia hakuna haja, mwambie utarudi keshokutwa.