Mlisho wa pembeni wenye hita kwa vijazio vya madini: unachoweza na usichoweza

Kifaa ninachokitathmini ni mlisho wa pembeni wenye koti la mafuta ya moto, unaofungwa kwenye ekstruda ya skrubu mbili (mashine inayoyeyusha na kuchanganya plastiki ndani ya silinda yenye hita) ili kijazio, yaani unga wa talki au wa kabonati ya kalsiamu unaochanganywa na plastiki, kiingie kikiwa kimeshapashwa joto. Muuzaji aliunadi kuwa dawa ya tatizo ambalo kila mwendeshaji wa mashine analifahamu: plastiki imeyeyuka vizuri, unga wa baridi unamiminika juu yake, joto linaporomoka na mota inaanza kulemewa.

Tatizo lenyewe si dogo, na linakadirika kwa hesabu nyepesi. Kilo 1 ya kabonati ya kalsiamu huhitaji takriban kilojuli 0.9 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, ilhali polipropilini, aina ya plastiki, ikiwa imeyeyuka huhitaji takriban 2.5. Kwa hiyo, katika mchanganyiko wenye asilimia 40 ya unga, unga wa nyuzi 25 ukikutana na plastiki ya nyuzi 220, joto la pamoja hushuka hadi karibu nyuzi 182 kabla hita za silinda na msuguano wa skrubu havijafidia. Plastiki haigandi, lakini huwa nzito na hushindwa kupenya vizuri kati ya chembe. Unga huohuo ukiingia na nyuzi 100, hesabu inatoa karibu nyuzi 197.

Kwa uzalishaji wa kasi ya wastani, kifaa kinatimiza ahadi hiyo. Mzigo wa mota hutulia, nyuzi za plastiki (kamba nyembamba zinazotoka kwenye mashine) huwa na uso laini zaidi, na ukikata moja kwa wembe huoni tena vile vidoti vyeupe vya unga usiolowa. Faida nyingine, ambayo muuzaji hakuitaja kabisa, ni kwamba sehemu ya unyevu wa talki hutoka mapema, hivyo tundu la kutolea hewa halichafuki haraka.

Mambo hubadilika kasi inapoongezwa. Unga umejaa hewa, nayo hewa haipitishi joto vizuri, kwa hiyo unga unaogusa ukuta hupata moto huku ule wa katikati ukipita ukiwa vuguvugu tu. Kipimajoto kikichomekwa kwenye unga unaotoka huonyesha tofauti hiyo waziwazi, lakini skrini ya kifaa haiionyeshi, kwa sababu inasoma joto la mafuta. Hili ndilo lalamiko langu kubwa, maana mwendeshaji anayeiamini skrini hiyo atapunguza hita za silinda wakati unga bado ni wa baridi.

Kijitabu cha maelekezo nacho kimepuuza aina za unga, na sidhani kama huo ni upungufu wa kusamehewa. Kabonati iliyopakwa asidi ya steariki haifai kuachwa kwenye kifaa cha moto mashine ikiwa imesimama, kwani asidi hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 69 na unga unaweza kushikana ukawa mabonge. Hidroksidi ya alumini huanza kuachia maji karibu na nyuzi 200, kwa hiyo mafuta yanapaswa kubaki chini kabisa ya kiwango hicho.

Kwa mchanganyiko wenye asilimia 10 ya unga, hesabu ya juu inatoa anguko la nyuzi 7 au 8 tu, ambalo skrubu hulifidia bila taabu; huko nisingekinunua. Kwa asilimia 40 na zaidi ningekinunua, ila kwa sharti kwamba mtengenezaji aweke kipimajoto ndani ya unga wenyewe, na kwamba mnunuzi asiache kuugawa unga katika sehemu mbili za kulishia pale silinda inaporuhusu. Mgawanyo huo huipa plastiki nafasi ya kurejesha joto kati ya mlisho wa kwanza na wa pili, na hakuna koti la mafuta linaloweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yake.