RAV4 toleo la tano kwenye vumbi la Dodoma: vya kufunga na vya kuacha

Wadau, karibuni. Gari lililo mbele yenu ni Toyota RAV4 toleo la tano, hili la pembe-pembe lililoanza kuuzwa Japani Aprili 2019. Simama Mtumba saa ya watu kutoka kazini utaona yalivyojaa. Leo siongelei mwendo wala mng'ao wa rangi. Naongelea vitu ambavyo wenye magari haya hapa Dodoma wanavisifu, wanavyovilalamikia, na vile walivyofungiwa kwa hela nyingi kisha wakarudi kwa fundi kuvitoa.

Kabla ya yote ujue lako ni lipi, maana ushauri unabadilika. Soma namba ya chasi. Ikianza na MXAA52 ni petroli ya lita 2.0 inayovuta magurudumu ya mbele tu. MXAA54 ni injini hiyohiyo, ila magurudumu yote manne yanavuta. AXAH52 na AXAH54 ni haibridi, yaani injini ya petroli ya lita 2.5 ikisaidiana na mota ya umeme, na mgawanyo wa 52 na 54 ni uleule. AXAP54 ni haibridi ya kuchaji kwa waya. Muuzaji akikuapia kwamba ni foo wili na chasi inasoma 52, mshukuru, aga, ondoka.

Haya, tuanze na haibridi ya kawaida, zile AXAH, kwa sababu ndiyo inayoumizwa na vumbi letu bila mtu kujua. Betri yake kubwa iko chini ya siti ya nyuma. Inapozwa na feni, na feni hiyo inavuta hewa ya humuhumu ndani ya gari, ileile unayopumua wewe. Inaingilia kwenye wavu wa plastiki ulio chini ya siti ya nyuma. Nyuma ya wavu kuna chujio. Sasa kuanzia Mei mpaka Oktoba, ukiacha lami kwenda ndani ndani kule Nala au njia za Hombolo huku vioo viko wazi, lile vumbi laini linatua kwenye kapeti na feni inalivuta lote. Chujio likiziba, hewa haipiti. Betri inapata joto, na kompyuta inapunguza matumizi ya mota ili kuilinda. Wewe unachohisi ni gari kuwa zito, injini kunguruma muda mrefu kuliko kawaida, na mafuta kwenda kasi. Ujumbe ukitokea kwenye dashibodi, kwa magari haya ya soko la Japani utakuwa kwa Kijapani, na wengi wanaubonyeza upotee. Usifanye hivyo. Upige picha, uutafsiri kwa simu. Ukiona unataja kupoza betri, kazi yako ni hii.

Zima gari kabisa; neno READY kwenye dashibodi, linaloonyesha gari liko tayari kuondoka, lisiwe linawaka. Fyonza wavu kwa vakyumu kwanza, ili vumbi la juu lisiingie ndani unapofungua. Toa klipu, vuta kava taratibu kwa mikono, toa chujio. Lifyonze pande zote, fyonza na ndani ya kava, kisha rudisha mpaka usikie klipu zimekaa. Usitumie maji. Na usiruhusu hewa ya kompresa ielekezwe kwenye ule wavu! Vijana wa karwoshi wanapenda sana kupuliza chini ya siti, gari linaonekana safi, kumbe vumbi limesukumwa kwenye feni na betri, mahali ambapo vakyumu haifiki tena. Waambie kabla hawajaanza. Kama kila siku unatoka nje ya lami, kagua mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi. Anayezunguka mjini tu, Area D na Kisasa, kila sevisi inatosha.

Chujio linaweza kuwa safi na betri bado ikapata joto, kwa sababu mwenye gari ameziba tundu kwa mkono wake. Kiroba cha karanga kilichosimamishwa miguuni kwa abiria wa nyuma. Kava ya siti inayoning'inia mpaka chini. Mati nene iliyokunjwa ikapanda juu ya wavu. Na gari likishinda juani, fungua milango dakika moja hivi joto litoke, halafu washa AC na ufunge vioo. Betri inapozwa na hewa ya ndani, kwa hiyo ndani kukiwa tanuri, nayo inapulizwa hewa ya tanuri.

Tukiwa hapohapo kwenye kava za siti. Siti za mbele, kwenye mgongo wa siti upande wa mlangoni, kuna kilebo kimeandikwa SRS AIRBAG. Eabegi ya ubavu inatokea hapo kwa kuchana mshono wa siti. Kava nzito ya ngozi bandia iliyoshonwa kuzunguka kote inaizuia au inaipeleka upande usio wake. Kava unayotaka ni ile iliyoachwa wazi upande huo, au yenye mshono maalumu wa kuachia. Mwambie fundi akuonyeshe mshono wenyewe. Akijibu "haina shida, bosi", hajajibu.

Mati za plastiki za kingo ndefu ni kifaa kizuri kuliko vyote kwa mji huu. Vumbi linabaki humo, unatoa na kukung'uta. Ila nyingi zinazouzwa mtandaoni zimekatwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Upande wa dereva hazikai, na mashimo hayalingani na vile vishikio viwili vya sakafuni. Mati isiyoshikwa inateleza mbele hadi chini ya pedeli. Taja usukani wa kulia unapoagiza, na usiweke mati juu ya mati.

Njoo mbele ya gari. Hii nembo si pambo tu, nyuma yake kuna rada. Na pale juu ya kioo, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera. Rada na kamera ndizo zinazoendesha mfumo wa Toyota Safety Sense: breki ya dharura, tahadhari ya kutoka kwenye mstari, kruzi, yaani gari kushika lenyewe mwendo uliouweka huku likifuata gari la mbele. Sasa mtu anafunga ngao ya chuma, inapita mbele ya nembo. Mwingine anabadilisha nembo kwa ile nyeusi ya bei rahisi, au anaibandika stika. Rada inaona vibaya, mfumo unajizima na taa inawaka. Tope zito likikauka hapo linaleta shida hiyohiyo, lakini hilo linaisha kwa kitambaa chenye maji. Ngao ina ubaya mwingine: bampa na vyuma vya nyuma yake vimepimwa vibonyee kwa namna fulani gari linapogonga, ili eabegi zifumuke kwa wakati. Ukitanguliza bomba la chuma umebadilisha hesabu hiyo. Kwa gari hili, sioni sababu ya ngao.

Kioo cha mbele kikipasuka kwa kokoto, na kwenye barabara zenye matengenezo kitapasuka, uliza mambo mawili kabla ya kulipa. Kioo kipya kina kishikio cha kamera? Na fundi ana mashine ya kuipanga kamera upya? Kamera ikikaa nyuzi chache pembeni, inasoma barabara pembeni. Stika ya nenda kwa usalama ibandike chini pembeni, mbali na kamera.

Kruzi yenyewe watu wanaipenda kwa njia ya Morogoro, hasa ukiwa nyuma ya malori. Ni nzuri kweli. Lakini haioni matuta. Ukikaribia Kibaigwa au Gairo, itoe kwa mguu wako, maana ikiona mbele hakuna gari itakupeleka kwenye tuta kwa mwendo uleule uliouweka. Breki ya dharura imeundwa kutambua magari, watu na, mchana, waendesha baiskeli. Ng'ombe na mbuzi hawamo. Na taa kali za kujishusha zenyewe zinategemea kuona taa za mwenzako. Trela lenye taa za nyuma zilizofifia haliwezi kuzishusha. Usiku shusha mwenyewe. Tahadhari ya mstari inachosha pale mistari iliposuguliwa na vumbi. Ina kitufe kwenye usukani, izime.

Sasa vitu vya Kijapani. Redio. FM ya Japani inaanzia MHz 76, na nyingi zinaishia 95 au 99. Yetu ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo stesheni za juu huzipati, na redio si mbovu. Kifaa cha kuongeza masafa kinachounganishwa kwenye waya wa antena kinashusha stesheni za juu ili redio izione, lakini namba kwenye skrini zinakuwa za uongo na wakati mwingine stesheni mbili zinapandana. Wengi wanakimbilia skrini ya Android. Kabla ya kung'oa, hakikisha fundi ana soketi ya kuunganishia ya gari hili, isiyohitaji kukata waya, na kwamba kamera ya rivasi na vitufe vya usukani vitafanya kazi. Waya ukishakatwa, kurudisha redio ya kiwanda ni kesi.

Kama gari limekuja na navigesheni iliyofungwa na wakala kule Japani, jihadhari na betri ya volti 12. Nyingi zinajifunga umeme ukikatika, kisha zinadai namba ya siri usiyo nayo. Fundi akibadilisha betri aweke umeme wa akiba muda wote wa kazi. Yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha ni mashine ya ETC, ya kulipia barabara za Japani. Ifuate ilipo, mara nyingi kwenye kabati la dashibodi au chini ya usukani, chomoa soketi yake, basi.

Baadhi ya haibridi zina soketi ya umeme ya wati 1,500. Inasifiwa sana, ila soma vizuri: ni volti 100. Chaja ya simu au ya kompyuta iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi ukiwa na adapta. Birika letu la volti 230 na wati 2,000 litatoa kama wati 380 tu, utangoja chai mpaka uchoke. Vifaa vya mota, kama blenda, usijaribu bila transfoma ya kupandisha, na jumla isivuke zile 1,500.

Haraka haraka. Madigadi: funga, kokoto zinachuna rangi nyuma ya magurudumu ya mbele. Keria ya juu ya paa: nzuri kwa safari, lakini ukimaliza itoe, inapiga kelele na kula mafuta, uzito soma kwenye keria yenyewe na kwenye kitabu cha gari, shika ulio mdogo. Mlango wa buti unaofunguka kwa kupitisha mguu: uzime siku ya kuosha, mpira wa maji unaufungua. Ngazi za pembeni: kwa magari ya Japani, nafasi ya chini ya tumbo ni milimita 190 hadi 200, na ngazi nyingi zinaning'inia. Kwenye makorongo ndizo zitakazogusa kwanza. Achana nazo, labda kama una mzazi mtu mzima anayehitaji pa kukanyaga.

Nimeacha matairi mwisho kwa makusudi. RAV4 ya daraja la Adventure inakuja na tairi la 235/55R19, yaani upana milimita 235, ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 19. Ubavu wa tairi hilo ni kama milimita 129. Lile la 225/65R17 lina 146. Tofauti hiyo ndiyo inayookoa rimu kwenye mashimo ya Kondoa vijijini. Anayetaka kushuka kutoka rimu ya inchi 19 kwenda 17 atafute 235/65R17: kimo chake kizima ni milimita 737 dhidi ya 741 za kiwanda, spidomita haidanganyi sana. Jaribu rimu tupu kwanza uone kama inapita breki, ndipo ununue tairi. Rimu iwe ya nati tano, duara la nati milimita 114.3, tundu la katikati milimita 60.1. Ukiwa na foo wili badilisha yote manne. Tofauti ya kimo inachosha mfumo.

Upepo pima asubuhi gari likiwa baridi. Kipimo kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, kwa kPa (kilopaskali). kPa 230 ni psi 33 hivi. Kisha fungua sakafu ya buti. Magari mengine yana tairi jembamba la spea, linalojazwa kPa 420, yaani psi 60, na halitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa. Mengine hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa na pampu. Dawa inaziba tundu la mwiba wa mgunga. Ubavu uliochanika haizibi, na chupa ina tarehe ya mwisho, isome leo. Mwenye chupa tu na anaenda Mtera au Mpwapwa kila wiki anunue spea.

Rimu mpya mara nyingi zinataka nati za koni, si zile za kiwanda zenye washa bapa, ukichanganya, zinalegea. Kaza kwa mtindo wa nyota, newton mita 103 kwa spana ya kupimia, gurudumu likiwa limeshushwa chini. Ukishatembea kilomita 100 hivi, rudia kukaza.