Uthamini wa Picha ya Kijapani Niliyorithi: Nilichokipata kwa Ada Niliyolipa

Picha niliyoachiwa na marehemu babu inaonyesha pambano la Kawanakajima la mwaka 1561, baina ya majeshi ya Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, na nyumbani tuliamini siku zote kwamba ilichapwa karne hiyohiyo. Mthamini wa kwanza aliitazama kwenye simu tu, akanitajia bei bila kunieleza ameipataje. Ndipo nikampelekea mthamini wa pili, mjuzi wa sanaa za Japani, ambaye ndiye ninayemzungumzia hapa.

Aliitoa kwenye fremu na, kabla ya kuutazama uso wake, akaigeuza. Upande wa nyuma alinionyesha jinsi rangi ilivyopenya kwenye nyuzi za karatasi na alama za kusuguliwa kwa baren, kile kidude cha mviringo ambacho mchapaji hukandamizia karatasi juu ya ubao uliochongwa. Kisha akanipa lenzi nijionee mwenyewe kwamba hapakuwa na vile vitone vidogo vinavyoonekana katika nakala za mashine. Sahihi ilikuwa ya mchoraji Utagawa Kuniyoshi, na mihuri miwili midogo ya wakaguzi wa serikali ya Tokugawa, iliyotawala Japani enzi hizo, ilitosha kuonyesha kwamba picha ilichapwa kati ya 1847 na 1852, yaani takriban miaka 300 baada ya pambano lenyewe.

Hakunificha mabaya. Pambizo zimekatwa, rangi nyekundu imefifia kwa jua, utepe wa gundi umeacha madoa, na kubwa kuliko yote, picha kamili ilikuwa ya karatasi tatu ilhali sisi tunazo mbili. Iliniuma kusikia hivyo, lakini ni afadhali kuambiwa ukweli na mtu ambaye ada yake haipandi kwa kadiri ya bei anayoitaja, na ambaye hakujaribu hata mara moja kuinunua.

Kasoro ya huduma ilikuwa kwenye ripoti, ambayo ilikuja na bei moja tu bila kueleza kama ni ya bima au ya mnada, ingawa ya bima kwa kawaida huwa juu zaidi. Nilipouliza, aliirekebisha bila malipo ya ziada, akaongeza maelekezo kwamba nisiubandue utepe mwenyewe, bali nimwachie fundi wa kuhifadhi karatasi.