Tiara ya chelewa na gazeti: uzoefu wangu wa wiki tatu

Julai hii, kusi lilipochachamaa hapa Kigamboni, binti yangu wa miaka 9 aliomba tiara. Nikamnunulia ya dukani kwa shilingi elfu nane, ya nailoni, rangi nzuri. Siku ya pili kile kiungo cha plastiki kinachoshika fito katikati kilipasuka, na kipuri hakuna. Nikaona tutengeneze wenyewe kwa vitu vya nyumbani. Hadi leo tumetengeneza tatu.

Fito tulizichomoa kwenye fagio la chelewa, na hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Chelewa ni nene upande wa shina, upande wa ncha ni kama sindano. Ukiilaza moja peke yake iwe mabawa, bawa moja linakuwa zito na gumu, la pili linapinda upepo ukiligusa. Tiara yetu ya kwanza ilizunguka kama pia mpaka ikajibwaga chini. Dawa ni kuchukua chelewa mbili na kuzilaza kwa kuzigeuzia, shina la hii kwenye ncha ya ile, halafu unazifunga kwa uzi kila baada ya upana wa kiganja. Iweke juu ya kidole katikati. Ikilala sawa, umepata. Uti wetu, yaani fito ya wima, ni sentimita 60, mabawa sentimita 50, na vinakutana sentimita 15 kutoka kichwani.

Karatasi ni gazeti. Zamani tungetumia rambo, lakini mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na sioni sababu ya kuisikitikia. Gazeti linapaa vizuri, ila halipendi unyevu: ukilirusha alfajiri kukiwa na umande linalegea na kuchanika kwenye kona. Sisi tunatoka saa kumi jioni.

Gundi nilipika mwenyewe: vijiko viwili vya unga wa ngano na maji nusu kikombe, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka iwe kama uji mzito. Utotoni tulibandika kwa ugali, na ulishika, lakini ulikuwa mzito na wenye mabonge. Hii ya ngano inapakika kwa kidole, nyembamba. Iache ikauke usiku kucha mahali ambapo mende hawafiki, maana wanaila.

Mkia usiufanyie ubahili. Tulianza na mita moja, tiara ikawa inapiga mbizi kila upepo ulipozidi. Tulipoongeza vipande vya kanga kuukuu hadi mita tatu, ikatulia kabisa. Kazi ya mkia ni kuivuta sehemu ya chini ili kichwa kibaki juu.

Kuhusu ule uzi wa kifuani, unaofungwa juu na chini ya uti na kushikwa na uzi mrefu: fundo lisogezwe kidogo kidogo, kama upana wa ukucha kila mara. Kusi likiwa kali, lipandishe kuelekea kichwani, tiara ilale zaidi na isivutwe kwa nguvu. Upepo ukiwa mdogo, lishushe.

Uzi mrefu ndio ulionigharimu. Wa cherehani ulikatika mara mbili. Nikanunua mshipi wa kuvulia samaki, na huo haujakatika kwa upepo, lakini unakata vidole vya mtoto, kwa hiyo tumeuzungusha kwenye kopo la maziwa na ndilo analolishika. Narudia kwa wazazi: nendeni uwanja wa wazi, mbali na nyaya za umeme na barabara. Ikinasa kwenye nyaya, iacheni huko huko, asipande mtu wala asiivute. Na wingu la mvua likitanda, mnakunja na kurudi nyumbani.

Kwa mwanangu naipa nyota tano. Kwangu mimi ni nne, kwa sababu ya gazeti kuchanika. Ninayo nailoni iliyofunika godoro jipya na nataka kuijaribu. Ile tiara ya tatu ilikwenda arijojo Jumamosi: fundo la kwenye kopo lilifunguka, ikapita juu ya minazi na mkia wake wa kanga hadi tukaipoteza machoni. Binti yangu alisimama akiitazama, hakulia. Jioni ile ile akaanza kuchagua chelewa, na ya nne iko mezani sasa, gundi bado mbichi.